Dadu Irushwe Lini? Jaribio la Ujuzi katika Michezo ya Uigizaji wa Mezani

Katika michezo ya uigizaji wa mezani, mchezaji husema mhusika wake anafanya nini, na msimamizi wa mchezo husema ulimwengu unajibu nini. Majibizano hayo ndiyo mchezo wenyewe, na yanaweza kuendelea muda mrefu pasipo mtu yeyote kugusa dadu. Dadu huingia pale ambapo msimamizi hawezi, au hapaswi, kutoa jibu kwa uamuzi wake peke yake. Kwa maelezo hayo jambo linaonekana jepesi, lakini ukikaa na kundi linaloanza kucheza utakuta dadu inarushwa ili kufungua mlango ambao haujafungwa, kupanda ngazi, kunywesha farasi maji, na hata kukumbuka jina la mfalme wa nchi ambayo mhusika amezaliwa na kukulia. Kikao kinajaa namba na hadithi inajikokota. Makala haya yanaeleza chanzo cha hali hiyo, na yale ambayo msimamizi anapaswa kujiuliza kabla hajatamka "rusha dadu".

Tuchukue kanuni za mchezo uitwao Dungeons & Dragons za mwaka 2014, kwa kuwa zinajulikana na wachezaji wengi. Mchezaji hurusha dadu ya pande 20, hujumlisha nyongeza inayotokana na uwezo wa mhusika wake pamoja na ile ya ujuzi endapo ameufunzwa, kisha jumla hiyo hulinganishwa na kiwango cha ugumu kilichowekwa na msimamizi: 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa la wastani, 20 kwa gumu, na 30 kwa lile linalokaribia kutowezekana. Jumla ikifikia kiwango hicho au kukizidi, mhusika amefaulu. Kanuni zenyewe zinaeleza kwamba jaribio huitishwa pale tendo linapokuwa na uwezekano wa kushindikana na matokeo yake yakawa hayajulikani. Maelezo hayo husomwa upesi na kusahaulika upesi zaidi, kwa sababu yanafuatwa na orodha ya aina 18 za ujuzi, kuanzia riadha na kunyatia hadi historia, tiba na ushawishi. Mchezaji mgeni anaiona orodha hiyo kwenye karatasi ya mhusika wake kila dakika, na bila kuambiwa na mtu anaelewa kwamba kila kilichoandikwa humo lazima kirushiwe dadu.

Orodha hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Mchezo ulipotoka mwaka 1974, ukiwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ulikuwa na kanuni za mapigano, uchawi na safari, na dadu ya pande sita ilitumika kwa mambo machache kama kutega sikio mlangoni au kugundua mlango wa siri. Mengine yote yaliamuliwa kwa maelezo. Aliyeshuku kuna mtego sakafuni alieleza jinsi anavyogonga mawe kwa mti mrefu kabla ya kukanyaga, na msimamizi akayapima maneno hayo kwa akili yake. Mwaka 1975 kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk kilileta mhusika wa aina ya mwizi, ambaye kazi zake za kufungua kufuli, kutegua mitego na kutembea kimyakimya zilipewa asilimia. Hapo likazuka swali ambalo halijawahi kuisha: ikiwa mwizi ana asilimia ya kutembea kimyakimya, je, mpiganaji aliyevua viatu hawezi kabisa? RuneQuest, mchezo wa mwaka 1978, ulijibu kwa kumpa kila mhusika asilimia katika kila ujuzi. Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, la mwaka 2000, liliyaweka mambo hayo yote chini ya kanuni moja ya dadu ya pande 20 na kiwango cha ugumu. Ulikuwa mpangilio safi, na kwa kweli ulirahisisha mengi, lakini uliacha mazoea ya kudhani kwamba kwa kuwa jambo linaweza kupimwa, basi halina budi kupimwa.

Kosa la msingi liko hapo, na msimamizi mwenye bidii ndiye huliangukia zaidi. Anaposikia mchezaji akisema "napanda ukuta", swali la kwanza linalomjia ni ukuta huo ni mgumu kiasi gani, naye anatafuta namba ya kuupa. Swali hilo lina nafasi yake, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: mhusika huyu akishindwa, kitatokea nini? Msimamizi asipokuwa na jibu, au jibu likiwa ni "hakuna kitakachotokea", hana sababu ya kuitisha dadu, hata kama ukuta wenyewe ni mrefu na unateleza.

Tuitazame hali moja kwa karibu. Mwizi amepiga magoti mbele ya kufuli la ghala. Nyongeza yake ni 5 na kiwango cha ugumu wa kufuli ni 15, hivyo anahitaji dadu ioneshe 10 au zaidi, jambo lenye uwezekano wa asilimia 55. Ghala liko nje ya mji, mwenye mali amesafiri, hakuna mlinzi wala mbwa, na wenzake wameketi chini ya mti wanakula. Msimamizi anaitisha dadu, nayo inaonesha 6. "Halijafunguka." Mchezaji anasema anajaribu tena. Inatoka 3. Anajaribu tena, inatoka 9, watu wanacheka. Mara ya nne inatoka 14 na kufuli linafunguka. Dakika kadhaa za kikao zimekwenda, na ndani ya hadithi hakuna kilichobadilika, kwa sababu kufuli lingefunguka tu. Watunzi wa toleo la mwaka 2000 waliliona tatizo hili na wakatunga kanuni kwamba mhusika asiye na haraka, ambaye kushindwa hakumletei madhara, ahesabiwe kuwa amepata 20 kwa kutumia muda mara 20 ya kawaida. Kazi ya sekunde sita ikawa ya dakika mbili, na dadu ikabaki mezani. Kanuni za mwaka 2014 zilipunguza muda huo hadi mara kumi na kusema wazi kwamba mhusika anafaulu bila jaribio, mradi jambo lenyewe liwe ndani ya uwezo wake.

Sasa tuongeze taa. Mlinzi anazunguka ghala na taa yake inaonekana ikikaribia kona. Kufuli ni lilelile, mwizi ni yuleyule, na asilimia 55 hazijaongezeka wala kupungua, lakini jaribio limepata maana: akifaulu wote wanaingia na kuurudisha mlango kabla mwanga haujafika, akishindwa mlinzi anamkuta na vifaa mkononi. Ugumu haukuwa na kazi yoyote katika kuamua kama dadu irushwe. Taa ndiyo iliyoamua.

Tuiondoe taa, kisha tuibadilishe kufuli. Hili la sasa limefungwa kwa uchawi, kiwango chake ni 30, na nyongeza ya mwizi ni ile 5. Hata dadu ikionesha 20, jumla ni 25. Kumwambia mchezaji arushe hapa ni kumpa tumaini la kitu ambacho hakipo, na ubaya wake huonekana pale dadu inapotoa 20 kweli, meza nzima ikashangilia, na msimamizi akalazimika kusema kwamba bado. Wachezaji wengi huamini kuwa 20 ni ushindi wa moja kwa moja. Katika kanuni za 2014 hilo ni kweli kwa mashambulizi ya vitani, lakini halihusu majaribio ya ujuzi. Jambo lisilowezekana lisemwe kuwa haliwezekani, na kwa maelezo ambayo mhusika angeyaona: kufuli halina tundu la ufunguo, na chuma chake kina joto. Hapo mchezaji ana habari ya kufanyia kazi, na ataanza kutafuta njia nyingine.

Upande wa pili wa mizani kuna mambo ambayo mhusika hawezi kuyakosa. Baharia aliyekulia majini hapaswi kurusha dadu ili kufunga fundo. Tatizo la dadu ya pande 20 ni kwamba kila upande wake una nafasi sawa ya asilimia 5, hivyo bingwa na mwanafunzi wote wanaweza kutoa 2, na bingwa anayerushiwa dadu katika kila jambo dogo atageuka kichekesho kabla kikao hakijafika nusu. Wako wanaofurahia vichekesho hivyo, na sina ugomvi nao. Lakini mchezaji aliyetumia pointi zake zote ili mhusika wake awe hodari wa jambo fulani ameshasema anataka nini, na njia ya kumheshimu ni kumwacha afaulu bila kuulizwa katika yale ya kawaida, dadu ikamsubiri kwenye makubwa. Vincent Baker, katika mchezo wake wa mwaka 2004 uitwao Dogs in the Vineyard, aliligeuza jambo hili kuwa kanuni ya kumbana msimamizi mwenyewe: ama amkubalie mchezaji anachosema, ama warushe dadu. Mpaka ugomvi wa kweli ujitokeze, jibu lake ni kukubali.

Kujua kwamba kushindwa kuna madhara hakutoshi, kwa sababu madhara hayo yanapaswa kujulikana kabla dadu haijatua. Msimamizi anayeitisha jaribio kwanza na kufikiria baadaye hujikuta akisema "umeshindwa" halafu akanyamaza, kwa kuwa hana la kuongeza. Blades in the Dark ya John Harper, iliyotoka mwaka 2017, inamtaka msimamizi atamke mambo mawili kabla ya kila dadu: hatari iliyopo ni ya kiasi gani, na tendo likifaulu litaleta manufaa kiasi gani. Mchezaji akiyasikia anaweza kubadili nia, kuomba msaada wa mwenzake, au kukubali hatari kubwa zaidi ili apate zaidi. Hata mezani kwa Dungeons & Dragons, ambako hakuna anayelazimishwa kufanya hivyo, sentensi moja ya namna hiyo inaokoa ubishi mwingi. "Unaweza kuruka paa hili hadi lile, ila ukikosa utaning'inia kwa mikono na upinde wako utaanguka barabarani." Mchezaji anarusha akijua anacheza na nini, na dadu ikimkataa hana wa kumlaumu.

Mfano huo unaonesha pia kwamba kushindwa hakumaanishi tendo kutofanyika. Mwizi anaweza kushindwa jaribio na kufuli likafunguka, ila kwa kelele iliyomwamsha mtu, au kwa kuvunjia kifaa chake ndani ya tundu ili asubuhi kila mtu ajue kuwa mlango uliguswa. Apocalypse World, mchezo wa Vincent na Meguey Baker wa mwaka 2010, uliliingiza wazo hilo ndani ya hesabu zenyewe. Mchezaji hurusha dadu mbili za pande sita na kujumlisha: 10 au zaidi ni kufaulu, 7 hadi 9 ni kufaulu kwa gharama, 6 kushuka chini ni zamu ya msimamizi kuleta balaa. Bila nyongeza yoyote, mafanikio kamili yana nafasi ya takriban asilimia 17, na matokeo mengine mawili asilimia 42 kila moja. Mtu akizitazama namba hizo anaelewa kwa nini wachezaji wa mchezo huo hawarushi dadu ovyo: mara nyingi kila ukirusha, kitu kitaharibika mahali fulani.

Hesabu zina jambo jingine ambalo wasimamizi wengi hawalioni, nalo ni madhara ya kurudia. Tuseme kundi la watu wanne linanyatia ndani ya ngome, na kila mmoja ana nafasi ya asilimia 70 ya kutosikika. Inaonekana ni nafasi nzuri. Lakini msimamizi akimtaka kila mtu arushe, na mmoja akishindwa wote wamegundulika, nafasi ya kundi ni asilimia 24 tu. Akiitisha tena uani, na tena kwenye ngazi, nafasi ya kufika juu salama inashuka chini ya asilimia 2. Hakusema popote kwamba ngome haiingiliki. Ameifanya hivyo kwa kuuliza swali lilelile mara kumi na mbili. Wachezaji hawatafanya hesabu hiyo, ila watahisi kwamba kunyatia hakufai kitu, na kikao kijacho watavunja lango kwa shoka.

Hali ya kinyume ipo pia. Msimamizi anauliza kama kuna anayeitambua nembo kwenye pete, na watu wanne wanarusha kwa pamoja, kila mmoja akiwa na nafasi ya asilimia 35. Kwa kuwa anahitajika mmoja tu wa kufaulu, nafasi ya kundi ni asilimia 82, na mara nyingi anayefaulu ni yule jitu la vita lisilojua kusoma, wakati mwanazuoni ameambulia patupu.

Dawa ya kurudia ni kuamua tangu awali jaribio moja linafunika eneo gani. Burning Wheel, mchezo wa Luke Crane, una kanuni kwamba matokeo ya dadu husimama mpaka hali ibadilike kwa dhati: aliyefaulu kunyatia langoni amefaulu kunyatia hadi juu, na aliyeshindwa haruhusiwi kuomba tena kwa sababu tu hakupenda namba. Toleo la saba la Call of Cthulhu linaruhusu marudio mara moja, lakini mchezaji aeleze anafanya nini tofauti, na msimamizi amwonye kwamba safari hii kushindwa kutakuwa kubaya zaidi. Kwa makundi, kanuni za 2014 zinasema wote warushe na angalau nusu wakifaulu kundi limefaulu; wale wanne wa ngome wanapanda kutoka asilimia 24 hadi takriban 92, jambo ambalo kwa maoni yangu ni ukarimu uliozidi kidogo, lakini ni afadhali kuliko asilimia 2.

Majaribio ya kutafuta habari yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa humo ndimo dadu inapoweza kuua hadithi nzima. Katika Call of Cthulhu, mchezo wa upelelezi na vitisho ulioanza mwaka 1981, wahusika hupekua maktaba na nyumba za marehemu wakitafuta dalili. Ikiwa barua iliyo ndani ya droo ndiyo pekee inayowapeleka kwenye kisa kinachofuata, na msimamizi ameiweka nyuma ya jaribio la kupekua, basi dadu ikikataa kisa kimeishia hapo. Wachezaji wanazunguka chumba kilekile, na msimamizi anaanza kubuni sababu za kuwarushisha tena. Mfumo wa GUMSHOE wa Robin D. Laws ulijengwa juu ya pingamizi kwa desturi hiyo: mpelelezi mwenye ujuzi unaohusika, akiangalia mahali panapohusika, anapata dalili ya msingi bila dadu. Ugumu wa upelelezi unahamia kwenye kuelewa dalili ina maana gani. Si lazima mtu ahame mchezo wake ili anufaike na wazo hilo. Barua ipatikane, dadu iamue kama imepatikana kabla ya mwenye nyumba kurudi, au kama mpekuzi ameona pia kwamba wino wake bado mbichi.

Mazungumzo na wahusika wanaoigizwa na msimamizi yana mtego unaofanana. Mchezaji anasema, "Namshawishi mfalme anipe kiti chake," kisha anarusha dadu bila kuambiwa na kutangaza 24. Mfalme hana sababu yoyote ya kukubali, na ufasaha si uchawi. Hapakuwa na jaribio hapo. Kinyume chake, mchezaji aliyemletea mlinzi wa lango habari za kweli kuhusu mwanawe aliyepotea, akaomba tu kupita, hahitaji kurushiwa dadu ya ushawishi, kwa kuwa kisa chenyewe kimeshamshawishi mlinzi. Dadu inafaa katikati ya hapo, pale mlinzi anapokuwa na sababu ya kukubali na sababu ya kukataa, na msimamizi mwenyewe hajui ipi ina uzito. Maneno ya mchezaji yaamue kama kuna jaribio na liwe gumu kiasi gani, na ujuzi wa mhusika ubebe yaliyobaki, la sivyo mtu mkimya asiyejua kupanga maneno hataweza kamwe kumwigiza balozi.

Kuna pia majaribio ambayo kuitishwa kwake tu kunatoa siri. Msimamizi akisema "rusha dadu ya kuona," hata ikitoka 4 kila mtu ameshajua kwamba kuna kitu cha kuonwa, na wahusika ambao hawakuona chochote wataanza ghafla kutembea wakiwa wamechomoa panga. Kwa hali kama hizo kanuni za 2014 zina alama tulivu: 10 pamoja na nyongeza za mhusika, namba ambayo msimamizi anaiandika pembeni na kuilinganisha kimya na ujanja wa anayevizia. Wasimamizi wengine hurusha wenyewe nyuma ya ubao unaowazuia wachezaji kuona dadu. Njia zote mbili zinakubalika, ingawa ya kwanza ni ya haraka zaidi na haimnyang'anyi mchezaji dadu yake, kitu ambacho watu hukipenda kuliko wanavyokiri.

Mapenzi hayo kwa dadu hayapaswi kubezwa. Mwaka 1991 Erick Wujcik alitoa Amber, mchezo wa uigizaji usio na dadu kabisa, na ulipata wafuasi, lakini makundi mengi yamebaki na dadu kwa sababu inamshangaza hata msimamizi. Mshangao huo una sharti moja, kwamba matokeo yote mawili yaweze kupokelewa mezani. Msimamizi anayerusha nyuma ya ubao, akaona namba, kisha akaibadilisha kwa siri kwa kuwa mhusika asingepaswa kufa kwa kuteleza kwenye daraja, ameshaamua jibu kabla ya swali. Hakutaka mhusika afe hapo, na hilo alilijua dadu ikiwa bado mkononi. Angeweza kusema kwamba akiteleza atapoteza mzigo, au kwamba mto utamtupa upande wa maadui, au kwamba anavuka tu. Daraja lingebaki la kutisha, na namba iliyotoka ingebaki kama ilivyotoka.